Witness, Brayan na Namukoko: sikio linavyochagua jina la mtoto

Chukua kalamu uchore maumbo mawili. La kwanza lisiwe na kona hata moja, mstari wake uzunguke taratibu mpaka ulipoanzia. La pili liwe na ncha kali kila upande. Sasa chukua maneno haya mawili, ambayo huenda hujawahi kuyasikia: takete na uloomu. Lipi ni jina la umbo lipi?

Watu wengi umbo lenye ncha huliita takete na la mviringo huliita uloomu, tena hujibu kabla hawajajua kwa nini. Jaribio hili limeshafanyika nchini kwetu. Mtafiti R. Davis aliwauliza watoto wa rasi ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, waliokuwa wakizungumza Kitongwe na Kiswahili, kisha akalinganisha majibu yao na ya watoto wa Uingereza. Matokeo aliyachapisha mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata Uhuru. Watoto wa Mahale na wale wa Uingereza, ambao hawakuwa na lugha ya pamoja wala shule ya pamoja, walielekea upande mmoja.

Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Wolfgang Köhler, ndiye aliyelipa swali hili umaarufu katika kitabu chake cha mwaka 1929. Mwaka 2001 Vilayanur Ramachandran na Edward Hubbard wakalirudia kwa maneno mapya, bouba na kiki, na tangu hapo swali hujulikana kwa majina hayo. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 uliwahusisha watu 917 wa lugha 25, na takribani saba kati ya kila kumi walijibu vilevile: bouba mviringo, kiki ncha. Wahimba wa Namibia, wafugaji ambao lugha yao ni ya Kibantu kama zetu, nao walishajibu hivyo mwaka 2013.

Hata hivyo, katika zile lugha 25 zipo zilizokataa, Kirumania na Kituruki zikiwamo. Kwa Warumania watafiti walipata dokezo la sababu: lugha hiyo ina neno linalokaribiana sana na bouba, na maana yake ni kidonda. Mwenye kidonda kichwani haoni mviringo. Nasi tungewasumbua vilevile. Kwetu buba ni ugonjwa wa ngozi, na kiki ni kile kituko anachofanya msanii wa Bongo Fleva wiki moja kabla ya kuachia wimbo. Sauti husukuma upande mmoja, na maana tuliyoizoea ikija huweza kusukuma upande mwingine kwa nguvu zaidi. Mvutano huo ndio unaoendelea kichwani mwa mzazi anayetafuta jina.

Kwa nini sauti isukume kabisa? Aliyesoma Kiswahili sekondari anakumbuka vipasuo. Ukitamka p, t au k unaifunga njia ya hewa, kisha unaiachia ghafla, na sauti inatoka kwa mshtuko. Ukitamka m, n au l hewa haikatiki, sauti inatiririka. Irabu i hutamkwa midomo ikiwa imetanuka, o na u midomo ikiwa imeviringana. Ubongo unapokea sauti, umbo la midomo na kile ambacho jicho linakiona, kisha unavilinganisha. Maelezo haya bado yanabishaniwa na wataalamu, lakini Mswahili hahitaji kushawishiwa sana. Tanakali za sauti tunafundishwa tangu shule ya msingi: kitu kikianguka majini ni chubwi, mchangani ni tifu, na hakuna mtoto anayezichanganya.

Kutoka kwenye michoro mpaka kwenye majina ya watu ni hatua fupi. David Sidhu na Penny Pexman wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, mwaka 2015 waliwaonyesha watu vivuli vya maumbo ya mviringo na yenye ncha na kuwauliza kila kimoja ni cha nani. Majina kama Molly yalikwenda kwenye mviringo, na ya aina ya Kate na Kirk yakaenda kwenye ncha. Mwaka 2019 walikwenda mbali zaidi, wakauliza kuhusu tabia. Mtu asiyejulikana, ambaye kinachofahamika juu yake ni jina tu: je, ni mpole? Ni mchangamfu? Majina yenye sauti za kutiririka, kama Mona na Owen, yalihesabiwa ya watu wapole, wenye hisia na wanaotimiza wajibu. Majina ya vipasuo, kama Katie na Curtis, yalihesabiwa ya watu wachangamfu wanaopenda kuwa na wenzao. Hakuna aliyewahi kukutana na wenye majina hayo.

Sasa tuje Tunduma, mahali ambapo mambo haya yanaonekana kwa urahisi kuliko kwenye maabara. Mji huu wa mpaka wa Tanzania na Zambia, ambao upande wa pili wa geti unaitwa Nakonde, una kila aina ya sikio. Wanyamwanga wapo pande zote mbili za mpaka. Wanyiha wanatoka Mbozi, Wandali wanatoka Ileje, Wanyakyusa wanateremka kutoka Mbeya na Rungwe, na madereva wa malori wanakuja na Kibemba cha Zambia na Kiswahili cha Lubumbashi. Simama kwenye kliniki ya watoto siku ya chanjo usikilize nesi akiita kwenye foleni. Utasikia Brayan, Lusajo, Witness, Given, Mulenga, Neema, Kelvin, Ipyana, Precious. Ukiwa mgeni hutajua yupi wa kike na yupi wa kiume, na hapo ndipo utafiti wa Wazungu unapoanza kupata taabu.

Wamarekani husikiliza mwisho wa jina. Mwaka 1995 Stanley Lieberson na Kelly Mikelson walikusanya majina yaliyobuniwa na wazazi Wamarekani Weusi, majina ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo, wakawaomba watu wakisie jinsia. Watu walipatia kwa kiasi cha kushangaza, na moja ya ishara walizozitumia ilikuwa ile a ya mwishoni, ambayo kwao ni ya kike. Leta ishara hiyo hapa kwetu uone inavyokwama. Juma, Musa, Baraka na Issa ni wanaume, Asha, Neema na Rehema ni wanawake, na wote wameishia na a. Lugha inayopenda kumalizia kila neno kwa irabu haiwezi kuifanya irabu hiyo kuwa sare ya jinsia moja. Majina ya Kibemba yanazidi hapo: Mutale, Chanda au Mulenga anaweza kuwa kaka au dada, na hakuna anayeona ajabu.

Wanyamwanga wao husikiliza mwanzo wa jina. Katika majina ya ukoo, mtoto wa kiume hubeba Si- na wa kike hubeba Na-. Kaka akiwa Simukoko, dada yake ni Namukoko. Kaka Sinyangwe, dada Nanyangwe. Sikazwe kwa Nakazwe. Ni utaratibu mzuri kwa sababu unakupa jinsia na ukoo kwa pumzi moja. Kwa bahati mbaya fomu za serikali hazikutengenezwa na Mnyamwanga. Fomu ikitaka jina la baba, binti huandikwa jina la baba, na ndiyo maana siku hizi unakutana na wasichana wengi wa Momba wanaoitwa Simukoko darasani na Namukoko kwa bibi. Linalonivutia ni hili: sikio la Mnyamwanga halikuzaliwa likijua kwamba Na- ni ya kike, kama lile la Mmarekani lisivyozaliwa likijua kwamba a ni ya kike. Kila moja limefundishwa na majirani zake.

Na likishafundishwa hutunga lenyewe. Angalia majina yetu ya kike yanayoishia na -ness: Happiness, Gladness, Loveness, Lightness. Yalianza kwa maana njema za furaha na upendo, yakazoeleka kanisani na mashuleni, mpaka mlio wenyewe ukawa wa kike. Ukishakuwa wa kike, ukavuta na mengine. Witness maana yake ni shahidi, na ushahidi hauna jinsia, lakini kwetu Witness aghalabu ni msichana, kwa sababu linalia kama dada zake. Agnes, jina la kale la mtakatifu wa Roma, limeongezewa s ya pili kwenye vyeti vingi likawa Agness, likajiunga na ukoo ambao si wake. Upande wa wavulana kuna familia ya Br-: Brayan, Brighton, Brayson, Brandon. Mzazi anayemwita mwanawe Brayson huenda hakumwiga Brayan wa jirani, ila sikio lake lilishaandaliwa.

Kwamba vipande vya sauti husambaa vyenyewe, hata bila jina zima kusambaa, lilipimwa mwaka 2012. Jonah Berger na wenzake walichambua majina ya watoto wa Marekani ya zaidi ya miaka 100 wakaona kwamba jina hupanda pale majina yenye sauti zinazofanana nalo yalipokuwa mengi miaka ya karibuni. Kisha wakatumia vimbunga. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kiliiharibu New Orleans, na kwa majuma mengi jina hilo halikutoka kwenye taarifa za habari. Ungetegemea watu wakimbie. Jina Katrina lenyewe walilikimbia kweli, lakini majina mengine yanayoanza na sauti ya K yaliongezeka kwa asilimia 9. Hakuna mzazi aliyekaa akasema mwanangu nampa jina kwa heshima ya kimbunga. K ilishaingia masikioni, na wakati wa kuchagua ulipofika, majina ya K yakaonekana mazuri tu.

Nyuma ya hayo kuna ugunduzi wa zamani kidogo. Mwaka 1968 Robert Zajonc wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwaonyesha wanafunzi maneno ya kubuni aliyodai ni ya Kituruki. Mengine waliyaona mara moja, mengine mara mbili, mengine hadi mara 25. Alipowauliza yana maana nzuri au mbaya, waliyoyaona mara nyingi yalipata maana nzuri zaidi. Hawakuwa wamefundishwa lolote kuyahusu. Kuyazoea kulitosha.

Mara 25 ni kitu kidogo sana Tunduma. Kibanda kinachouza nyimbo za kuweka kwenye simu kitakupigia wimbo mmoja zaidi ya hapo kabla ya adhuhuri, bajaji itaurudia, na dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpakani atakumalizia jioni. Wimbo ukitaja jina la mpenzi kwenye kiitikio, jina hilo limeshapita masikioni mwa mji mzima kabla mtu hajalifikiria kuwa la mtoto. Tamthilia nazo hivyo hivyo. Zilianza za Amerika ya Kilatini na za Ufilipino, kisha Azam TV ikaleta za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, na akina mama wanaozifuatilia kila jioni humsikia mhusika akiitwa na mama yake, na mumewe na adui yake, sebule nzima ikiwa kimya.

Wasanii wetu wanayajua haya bila kusoma saikolojia. Rayvanny, kijana wa Mbeya aliyeshinda tuzo ya BET mwaka 2017, kwenye karatasi ni Raymond Mwakyusa. Zuhura Othman amekuwa Zuchu. Faustina Mfinanga amekuwa Nandy. Majina yamefupishwa, yameishia kwa irabu, na yanaweza kupigiwa kelele na uwanja mzima bila ulimi kukwama.

Hapa lakini nawaonya wanaodhani kila jina jipya limeletwa na runinga. Lieberson, kwenye kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha kwamba mara nyingi filamu na mastaa hurukia jina ambalo tayari lilikuwa linapanda. Mwigizaji wa Marekani Norma Jeane alipochukua jina la Marilyn Monroe mwaka 1946, akina Marilyn walishajaa mitaani tangu miaka ya 1930. Alipokuwa nyota wa dunia, jina lilikuwa linashuka. Kevin ni hivyo pia. Wengi husema lililetwa Ulaya na ile sinema ya mtoto aliyesahauliwa nyumbani wakati wa Krismasi, iliyotoka mwishoni mwa 1990. Ukweli ni kwamba Ufaransa Kevin alikuwa ameshashika nafasi ya kwanza kabla ya sinema, na Ujerumani ilifuata mwaka 1991. Sinema iliongeza petroli kwenye moto uliokwisha kuwaka.

Yapo majina yanayoletwa na tukio moja kwa hakika. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2008, hospitali ya Kisumu ilipata akina Barack na Michelle kwa wingi katika siku moja, na mwaka 2015 Rais Barack Obama alipoitembelea Kenya kuna mtoto aliyepewa jina la ndege iliyomleta, AirForceOne. Wazee wetu wasicheke. Kizazi chao kina akina Azimio, Mapinduzi na Vita, na kila jina kati ya hayo lina tarehe yake.

Swali la maana kwa mzazi ni kama jina litamchosha. Berger na Gaël Le Mens, kwa takwimu za Ufaransa na Marekani zilizochapishwa mwaka 2009, waliona kanuni iliyonyooka: jina linalopanda kwa kasi hushuka kwa kasi. Sababu iko kwenye vichwa vya wazazi wenyewe. Walipohojiwa, wazazi watarajiwa walisita kuyachukua majina waliyohisi yanapanda haraka mno, kwa kuyaona ya msimu. Lililopanda polepole hudumu. Kwa kipimo hicho Lusajo, Ipyana na Tumaini wana miaka mingi mbele yao, ilhali jina lililotoka kwenye wimbo wa mwaka huu litautaja umri wa mwenye nalo kila atakapojitambulisha.

Na mtoto mwenyewe? Hapa sayansi ina habari njema ambayo hairudiwi vya kutosha. Watafiti wale wa Calgary, baada ya kuona watu wanavyomdhania Mona upole na Curtis uchangamfu, waliwapima tabia watu halisi na kuzilinganisha na sauti za majina yao. Hawakupata uhusiano wowote. Brayan hawi mtundu kwa sababu ya Br, na Namukoko hawi mpole kwa sababu ya m na n. Sauti humgusa msikilizaji, halafu inaishia hapo.

Tatizo ni kwamba msikilizaji anaweza kuwa mwalimu. Mwaka 2009 utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, uliwauliza walimu wanafikiri nini kuhusu majina ya wanafunzi, na Kevin akaonekana jina la mtoto msumbufu asiyefika mbali. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina, ni utambuzi wa ugonjwa. Ni maneno ya mtu mzima kuhusu watoto ambao kosa lao lilikuwa kuzaliwa jina likiwa kwenye chati. Mwaka 2012 Simon Laham na wenzake walionyesha kwamba watu huwapendelea wenye majina rahisi kutamka, na kwamba kwenye kampuni za mawakili Marekani wenye majina mepesi walikuwa wamepanda vyeo zaidi. Kijana wa Chapwa anayeitwa Sichalwe anajua jinsi karani wa Dar es Salaam anavyosimama kwenye jina lake kabla ya kulitamka. Dawa sahihi ni karani ajifunze, kwa maana Sichalwe ina silabi tatu tu na hakuna hata moja ngumu kwa anayejua kusoma Kiswahili.

Kuna jambo moja ambalo tafiti zote hizi hazikuligusa, nadhani kwa kuwa watafiti hawakukulia huku. Jina la mtoto wetu halivaliwi na mtoto peke yake. Siku akizaliwa, mama yake anaacha kuitwa jina lake mtaani na kuanza kuitwa Mama Brayan, baba anakuwa Baba Brayan, na majina hayo yanakwenda nao sokoni, kanisani, kwenye vikoba na kwenye daftari la madeni la dukani. Mwanamke ataitwa jina la mtoto wake wa kwanza mara nyingi kuliko mtoto mwenyewe anavyoitwa. Kwa hiyo mama anapolichagua jina anajichagulia na lake, na kama analitaka lenye mlio wa tamthilia sioni kosa. Bibi naye akitaka la marehemu mama yake asionekane mshamba. Kwa kawaida jina la nyumbani na jina la cheti hupatana vizuri ndani ya mtoto mmoja.

Ila cheti cha kuzaliwa sasa kinakuja mapema. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano ulizinduliwa Mbeya mwaka 2013, wakati Songwe bado ni sehemu ya mkoa huo, na ukaupeleka usajili kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Zamani jina lilikaa mdomoni kwa miaka kabla ya kukutana na wino, na lisilofaa lilipotea lenyewe. Siku hizi linaandikwa mtoto akiwa bado ananyonya, wakati mwingine wimbo ukiwa bado unapigwa.

Mzazi wa Sogea, Vwawa au Mlowo unayesubiri mtoto, litamke jina kwa sauti ya kumwita aliye mbali, kisha liweke Mama mbele yake ulisikie. Jiulize ulilisikia wapi mara ya kwanza, na miaka miwili iliyopita lilikuwa wapi. Ukiridhika nenda kalisajili, na uandike herufi zake kwenye karatasi wewe mwenyewe kabla karani hajazikisia. Chini ya mpango wa RITA cheti ni bure kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano. Kulibadilisha jina baadaye kunataka hati ya kisheria, ada na safari.